Hesi za Mpendae

Kifuniko cha kwanza kilitoka kipara. Kwa nje kilikuwa na haiba yake, cheupe, cha mviringo, na lau ungekikuta mezani sokoni Darajani ungekichukua bila ya kuuliza. Aibu yake ilikuwa ndani. Pale ambapo kifuniko huwa na hesi, ile mistari inayozunguka ukutani na kukishikanisha na shingo ya chupa, palikuwa pamenyolewa. Mayasa alikiweka juu ya kichupa, akakizungusha, nacho kikazunguka. Akakizungusha tena, kikazunguka tena. Kingezunguka mpaka Siku ya Kiyama bila ya kushika kitu.

"Hongera," alisema kaka yake Abdulrazak, aliyesimama mlangoni mwa banda na kikombe cha chai mkononi. "Umepata cha kuchezea watoto."

Mayasa hakumjibu, na kwa Mayasa kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha kuliko kujibu. Alikuwa na ulimi wa tayari tangu utotoni, na majirani wa Mpendae walizoea kumsikia kabla ya kumwona. Asubuhi ile alikikodolea macho kile kifuniko kama mwizi aliyemkamata jikoni kwake.

Banda lilikuwa lao wote wawili, na mashine iliyokuwamo vilevile. Waliinunua kwa shirika kutoka kiwanda kimoja cha bara kilichofunga milango, wakaivusha mpaka Unguja kwa mbwembwe, mtaa mzima ukaja kuitazama. Kazi yake si ngumu kuielewa. Unaimiminia chembe za plastiki kwa juu, inaziyeyusha, kisha inausukuma ule uji wa moto kupitia kitundu chembamba mpaka ndani ya kalibu, yaani vipande viwili vya chuma vilivyochongwa umbo la kitu unachokitaka. Uji ukipoa, kalibu inafunguliwa na kitu kimezaliwa. Mwanzoni vilizaliwa vibanio vya nguo na vitana. Halafu Darajani ikajaa vibanio na vitana vya kutoka nje, rahisi na vya rangi za kila aina, na mashine ikafunikwa shuka kuukuu ikaachwa ilale.

Sasa Abdulrazak alikuwa anauza marumaru za sakafu, na banda lile alilitaka liwe stoo. Mnunuzi wa mashine alikwisha kumpata. Alikuwa Msabah, mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayenunua mitambo iliyochokwa na wenyewe, na angekuja Jumamosi na gari la mizigo.

"Nipe mpaka hiyo Jumamosi," Mayasa alikuwa amemwambia. "Msabah akija akinikuta natoa kifuniko kinachofunga, mashine haiondoki."

"Na akikuta hakifungi?"

"Ntakusaidia kuipakia kwa mikono yangu."

Ndio huo ulimi. Ulishamwingiza kwenye mengi, na safari hii ulimwingiza kwenye zito kuliko yote, maana mashine ile alikuwa anaipenda, tusifiche. Ndugu zake wa kike walipopewa cherehani yeye alikataa, akasema anataka kitu kinachounguruma. Walimcheka. Ilipokuja mashine wakaacha kumcheka, na kwa mara ya kwanza akapita mtaani watu wakisema, "Yule ndiye Mayasa wa plastiki." Ikiondoka mashine, jina nalo litapakiwa gari moja. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Kifuniko chenyewe alikitaka Bi Mwatum wa Jambiani, mkuu wa kikundi cha kina mama wanaolima mwani. Walikuwa wanapika mafuta ya kupaka, mwani kwa karafuu, na kuyatia kwenye vichupa vidogo vya kioo vya jemu ambavyo mahoteli ya pwani huvitupa baada ya chai ya asubuhi. Vichupa vilikuwa tele, vinaoshwa vikang'aa. Vifuniko vyake vya bati ndiyo vilikuwa balaa, kwa sababu upepo wa bahari uliviotesha kutu hata kabla ya mafuta kupata mteja.

"Nipatie kifuniko kisichoota kutu wala kuvuja," Bi Mwatum alimwambia, "na kila kichupa kitakachotoka Jambiani kitakuwa na kifuniko chako. Wanawake wote nyuma yangu."

Basi Mayasa alijichongesha kalibu ya haraka, na ile haraka ndiyo iliyozaa kipara. Kalibu ya kifuniko ina tumbo, linalotengeneza sura ya nje, na ina kiini, kipande cha chuma kinachosimama katikati ya tumbo hilo na kutengeneza sura ya ndani. Ukitaka hesi ndani ya kifuniko, unazikata juu ya kiini. Plastiki ya moto inakizunguka, inaingia kila mfereji, na hesi za chuma zinajichapa kwenye plastiki. Hapo hapana taabu. Taabu ni kukitoa hicho kiini. Plastiki ikipoa hunywea, inakibana kiini kama pete kwenye kidole kilichovimba, na Mayasa alikuwa anakichomoa kwa nguvu, moja kwa moja. Skrubu haing'olewi, hufunguliwa, na ukiing'oa inaondoka na nyama. Yeye alikuwa anang'oa.

Alikitia kipara chake ndani ya mkoba akenda Mji Mkongwe kwa Jaku.

Jaku alikuwa mkerezaji. Duka lake lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya Hurumzi, jembamba kiasi kwamba ukiingia na mwavuli lazima uukunje. Tangu ujana alikereza miguu ya vitanda vya samadari na nguzo za ngazi, na miti mizuri ilipoadimika akahamia kwenye chuma bila ya kubadilisha tabia hata moja. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yao, kwa hivyo Mayasa na Abdulrazak walimwita ami.

"Shikamoo, ami Jaku."

"Marahaba, mwanangu. Nini hicho unachonificha?"

Mayasa alimpa kifuniko. Jaku alikitia kidole ndani, akakizungusha, akacheka mpaka akashika meza.

"Umemnyoa mtoto wa watu!"

"Nlikuwa na haraka, ami."

"Haraka haina baraka, na kwako imetoka na nywele. Lete kalibu."

Kazi aliyoifanya Jaku ilikuwa nzuri, na msimulizi mwenye haki lazima aseme hivyo kabla ya kusema mengine. Alikitengeneza kiini upya, kikubwa kidogo kuliko shingo ya kichupa ili plastiki ikinywea ifikie kipimo. Akakipa mkia unaotokea nje ya kalibu, na kwenye mkia akakata hesi za mwendo uleule wa zile za mbele, ili kila kikizungushwa mara moja kirudi nyuma kiasi kilekile kinachodaiwa na kifuniko. Mwishoni akafunga mkono wa kuzungushia. Sasa usingeng'oa tena. Ungekifungua kiini kalibu ikiwa bado imefumbwa, kama unavyofungua bomba.

Lakini Jaku hakuishia hapo. Alilichukua lile tumbo la kalibu akaanza kulisugua. Akalisugua kwa msasa mkavu, akalisugua kwa msasa wa maji, akalisugua kwa kitambaa na dawa. Mayasa alimwambia yatosha, Jaku akamwambia nyamaza. Kwa wakerezaji wa mji ule kitu ambacho hujioni uso ndani yake hakijesha, na mzee angeona bora afunge duka kuliko kukabidhi chuma chenye mkwaruzo. Alipomrejeshea, Mayasa alichungulia tumboni akaona pua yake, nyusi zake, na kichwa cha Jaku kimejaa fahari juu ya bega lake.

"Kifuniko kitakachotoka humo," alisema Jaku, "inzi akitua atateleza."

Wakaenda Mpendae pamoja kukijaribu. Mayasa alisukuma plastiki, akangoja ipoe, akaushika mkono wa kalibu akauzungusha. Ulikwenda kirahisi mpaka akaanza kucheka mwenyewe. Akaifungua kalibu. Kifuniko kilikuwa palepale juu ya kiini, kimekumbatia, hakikusogea hata unywele. Kiini kilizunguka, na kifuniko kikazunguka nacho ndani ya lile tumbo laini, na vyote viwili vikarudi nyuma pamoja kama bwana na bibi harusi.

Walirudia. Kikarudia. Abdulrazak alipita, akatazama, akapiga mluzi wa taratibu akaenda zake, na mluzi ule ulimchoma Mayasa kuliko matusi.

"Kitie mafuta ya nazi," alisema Jaku.

Unguja hakuna kitu kilichokwama kisichotiwa mafuta ya nazi. Mlango ukilia, nazi. Pete isipovuka kifundo cha kidole, nazi. Mtoto akibanwa kifua, nywele zikikauka, kufuli likigoma, nazi. Mayasa hakulifikiria jambo lile hata kidogo, alikimbilia jikoni akarudi na chupa. Akakipaka kiini, akasukuma plastiki, akazungusha mkono, akafungua.

Kifuniko kikaanguka kiganjani mwake, na ndani yake hesi zimekaa zote, kamili, za kupendeza.

Alipiga kigelegele kilichomtoa jirani nje na sufuria mkononi. Aliikumbatia mashine, maana ami yake asingeweza kumkumbatia mbele ya watu. Akatoa vingine vya kutosha kujaza kikapu, na asubuhi iliyofuata, Ijumaa, akawahi Jambiani.

Bi Mwatum alimpokea barazani, mikono yake bado inang'aa kwa mafuta aliyokuwa akiyatia vichupani. Alikipokea kifuniko, akakipeleka puani kabla ya kukipeleka machoni. Wauza manukato ndivyo walivyo.

"Mayasa," alisema. "Mbona hichi kinanuka vitumbua?"

Mayasa alinusa. Mafuta ya nazi yalikuwa yameungua kwenye chuma cha moto, na harufu yake ilikuwa imeingia ndani ya plastiki isitoke. Hata rangi, ukitazama vyema, kwenye hesi palikuwa na weusiweusi.

"Mie nauza mwani na karafuu, mwanangu. Mgeni akifungua kichupa changu akasikia vitumbua, atataka na chai." Bi Mwatum hakusema kwa ubaya, lakini hakuwa mtu wa kumung'unya. "Tena ngoja nikijaribu kukifunga, tusikionee."

Akakifunga juu ya kichupa. Kikafunga. Akataka kukifungua, na vidole vyake vyenye mafuta vikateleza. Akakaza, vikateleza tena. Kifuniko kilikuwa laini kama Jaku alivyoahidi, hakina hata pa kukishikia, na mkono ulikuwa unazunguka peke yake juu yake. Bi Mwatum alisonya, akavuta ncha ya kanga yake, akakizungushia kifuniko, akakibana. Kikafunguka mara moja.

"Kitu cha mafuta," alisema, "na kifuniko hakishikiki na mwenye mafuta. Haya jamani."

Mayasa alikuwa amesimama mdomo wazi. Alikuwa anaitazama ile kanga.

"Bi Mwatum, rudia."

"Nirudie nini?"

"Kifunge, ukifungue bila ya kanga. Halafu kwa kanga."

Bi Mwatum alimtazama kama anayempima homa, lakini akarudia. Bila ya kanga, mkono ulizunguka kifuniko kikasimama. Kwa kanga, mkono na kifuniko vilikuwa kitu kimoja. Na Mayasa akaona, palepale barazani, yale yaliyokuwa yakitokea gizani ndani ya kalibu yake. Kiini hakikuwa na kosa. Hesi hazikuwa na kosa. Kiini ili kifunguke, lazima kuwe na kinachokishika kifuniko kisizunguke, na lile tumbo la kalibu, kwa ule usafi wake wote na ule ung'avu wake wote, lilikuwa mkono wenye mafuta. Halikuwa na cha kushikia. Jaku alilisugua mpaka akaliondolea kazi yake.

"Tunataka kanga!" alipiga kelele. "Ukutani! Kalibu inataka kanga ukutani!"

"Umeamkaje leo, mwanangu?" aliuliza Bi Mwatum, lakini Mayasa alikwisha kushuka barazani. Alirudi mbio, akamshika mkono. "Kesho njoo Mpendae. Njoo na mafuta. Nakuomba, njoo."

Alifika Mji Mkongwe watu wametawanyika kutoka msikitini, na Jaku anafungua duka lake baada ya sala. Mayasa alimweleza yote kwa pumzi moja. Alipofika kwenye neno mifereji, uso wa mzee ulifunga.

"Unataka nikwaruze lile tumbo."

"Nataka ukate mifereji ukutani kwake, ami. Plastiki iingie mle, ipate pa kushikwa. Kiini kikizunguka, kifuniko kibaki."

"Nimelisugua lile kwa siku nzima."

"Najua, ami."

"Mie sijapata kutoa kazi yenye mikwaruzo katika duka hili. Wala baba yangu hakupata. Kama unataka kuliharibu, kuna tupa ya kukwaruzia chuma ile pale, chukua, ufanye mwenyewe kwako Mpendae, na usimwambie mtu kuwa kazi ya Jaku."

Akampa mgongo, akaanza kupanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mayasa aliitazama tupa. Angeweza kuichukua. Alikuwa na hasira ya kutosha kuichukua, na jua lilikuwa linakwenda. Lakini mkono wake haukuwa mkono wa Jaku, alilijua hilo, na mifereji ikitoka kombo kifuniko kitakwama tumboni, kisitoke mbele wala nyuma. Tena aliona jambo jingine: mzee alikuwa ameumia kweli. Ungelimwambia akate sharubu zake asingelinuna vile. Kwenye pembe ya duka palisimama mguu wa kitanda wa zamani ambao Jaku alikataa kuuuza, na Mayasa akauendea, akaupapasa. Ulikuwa umekatwa mifereji ya wima kutoka juu mpaka chini, yote sawa, yote inang'aa.

"Huu aliukereza nani?"

"Nani mwingine?" Jaku alijibu bila ya kugeuka.

"Na mifereji hii ni mikwaruzo?"

Jaku alihamisha chombo kimoja kutoka hapa kwenda pale.

"Mbao ulikuwa ushaisugua, ikang'aa, kisha ukaikata mifereji. Kwa nini, ami?"

"Kwa sababu mguu mtupu ni kama gongo. Mifereji ndiyo urembo wake."

"Basi mie sikwambii uharibu," alisema Mayasa. "Nnakwambia upambe. Hukulimaliza lile tumbo. Uliliacha gongo."

Jaku aligeuka. Mayasa alidhani atamfukuza dukani, kwa sababu kumwambia mkerezaji kuwa hakumaliza ni tusi. Lakini mzee alikuja taratibu, akaupapasa mguu wa kitanda na yeye, kidole kikapanda na kushuka mferejini.

"Ulimi huu," alisema, "umeutoa wapi? Babako alikuwa mtu mpole."

Akachukua bikari na chaki.

Aliligawa lile tumbo duara nzima, sawa kwa sawa, akapima tena kabla ya kukata. Mifereji aliifanya ya wima, kutoka mdomoni mpaka chini, kwa sababu aliona bila ya kuambiwa kuwa kifuniko kikishaachana na kiini kitataka kutoka moja kwa moja, na mfereji wa kuzunguka ungekinasa. Kila mmoja aliusugua ndani kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, mpaka nao ukang'aa. Mayasa safari hii hakumwambia yatosha. Alikaa juu ya kigoda, akamshikia taa, akashukuru Mungu.

Jumamosi gari la mizigo lilifika mapema kuliko mtu aliyealikwa pilau. Msabah alishuka, mtu mnene mwenye adabu, akaamkiana na kila mmoja na kuizunguka mashine akiigusagusa. Abdulrazak alikuwa amevaa kanzu nyeupe mpya na kofia ya viua, kwa kuwa mchana alikuwa anakwenda harusini Kikwajuni. Jaku alikaa pembeni amekunja mikono. Bi Mwatum alikuja na kikapu cha vichupa vilivyojaa mafuta, midomo wazi, vimefunikwa kitambaa.

"Bwana Msabah," alisema Mayasa, "nakuomba dakika chache. Nina ahadi na kaka yangu."

"Mie sina pupa, bibi," alisema Msabah.

"Mie ninayo," alisema Abdulrazak. "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Mayasa alisukuma plastiki. Mashine iliunguruma, ikasukuma, ikanyamaza. Akangoja. Hakuna kazi ngumu kama kungoja kitu kipoe mbele ya watu wanaokutazama, na Mayasa alingoja. Kisha akaushika mkono wa kalibu, akauzungusha.

Haukwenda.

Akakaza. Haukwenda. Jasho lilimtoka. Abdulrazak alitazama saa, na wapakizi wawili wa Msabah wakaanza kukunjua kamba. Mayasa alihisi machozi yanakuja akayakataa.

"Umekwama," alisema Abdulrazak, na sauti yake haikuwa ya kejeli tena. Ilikuwa karibu ya huruma, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Haukukwama," alisema Jaku kutoka pembeni. "Juzi ulikuwa mwepesi kwa sababu kifuniko kilikuwa kinazunguka nao. Leo kimeshikwa. Unazungusha kiini kweli. Kaza, mwanangu, usiuogope."

Mayasa akapanda mguu mmoja juu ya tako la mashine, akaushika mkono wa kalibu kwa mikono yake miwili, akasema bismillahi, akauvuta kwa uzito wake wote.

Ukalia. Kisha ukatii. Nusu duara, duara, kisha duara juu ya duara, unazidi kuwa mwepesi kila ukizunguka, na ule mkia wa kiini ukawa unajitokeza nje ya kalibu mbele ya macho ya watu, unarudi nyuma mpaka ukagota. Mayasa akaifungua kalibu. Kiini kilikuwa kitupu. Kifuniko kilikuwa kimekaa peke yake ndani ya tumbo, mifereji yake imeshikana na mifereji ya chuma, na alipokisukuma kwa nyuma kidogo kikateleza moja kwa moja kikadondoka kiganjani, bado cha uvuguvugu.

Hakupiga kigelegele. Alishajifunza. Alichungulia ndani kwanza. Hesi zilikuwa zinazunguka ukutani, nzima, nene, safi, hazikunyolewa wala kuungua, kutoka mdomoni mpaka juu. Alimpa Bi Mwatum, na Bi Mwatum akakinusa.

"Hakinuki kitu," alisema. Akakinusa tena kwa furaha ya kutonusa. "Hakinuki kitu kabisa!"

Akachovya vidole vyake makusudi ndani ya mafuta, akatoa kichupa kilichojaa, akakifunga. Kifuniko kiliteremka taratibu, kikakaza, kikagota. Akakifungua kwa vidole vilevile vya mafuta, bila ya kanga. Mifereji ya Jaku ilimshika vidole. Akakifunga tena.

"Kufunga kinafunga," alisema Abdulrazak. "Kuvuja je?"

Bi Mwatum alimwendea, akanyoosha mkono, akakipindua kichupa juu chini mbele ya kifua cha ile kanzu mpya, karibu kabisa, na mafuta ya mwani na karafuu, kama kila mtu wa Unguja ajuavyo, yakiingia kwenye nguo nyeupe hayatoki tena.

"Bi Mwatum!"

"Tulia, bwana harusi. Si unataka kujua?"

"Mie si bwana harusi, mie nimealikwa tu!"

"Basi tulia hivyohivyo, mwalikwa."

Akakitikisa. Abdulrazak alijikausha kama nguzo, macho yamemtoka, pumzi ameizuia. Akakitikisa tena kwa nguvu, juu ya kifua, juu ya bega, kisha, kwa kuwa alikuwa mama wa Jambiani na hakuogopa mtoto wa mtu, juu ya kofia ya viua. Wapakizi walikuwa wanacheka. Msabah alikuwa amejifunika mdomo kwa leso. Mafuta yaliruka ndani ya kioo, yakapiga ukuta, yakarudi, na nje ya kifuniko hapakutoka hata tone.

Bi Mwatum akakisimamisha kichupa juu ya kiganja cha Abdulrazak. Hapo akafungua mdomo, na kigelegele chake kikatoka Mpendae kikaenda kusikojulikana. Mayasa akajiunga. Majirani waliokuwa wakichungulia dirishani wakaitikia bila ya kujua wanaitikia nini, na Jaku, mzee wa watu, akasimama akafuta macho kwa mkono wa shati akidai ni vumbi la chuma. Mayasa alikuwa analia na kucheka pamoja, na hakujali nani anamwona. Alikuwa ameshinda. Alilisema kwa sauti: "Nimeshinda!"

Abdulrazak alikuwa bado amesimama na kichupa kiganjani. Alikigeuza. Akakitazama chini, akakitazama kwa pembeni, akapitisha kidole gumba juu ya mifereji. Akakifungua, akachungulia hesi, akakifunga, na ukimtazama usoni ungeona mtu aliyekwisha kusahau kuwa anatazamwa. Kisha akainua kanzu yake mpya mpaka magotini, akaifunga fundo kiunoni, akakunja mikono, akaenda akasimama kwenye mkono wa kalibu.

"Sukuma kingine," alimwambia dada yake.

Msabah alikohoa kwa adabu.

"Bwana Abdulrazak, vijana wangu wanangoja. Tupakie?"

"Upakie nini?" alisema Abdulrazak, bila ya kugeuka. "Huoni watu wako kazini?"